Ua la Sultani: jina lililoanguka na jina lililobaki

Kila mwaka, ukifika mwezi wa Mei, maduka ya miche huko Uingereza hupanga mbele ya milango yao trei za ua moja dogo lenye petali tano bapa, jekundu au jeupe, la rangi ya waridi au ya zambarau. Watu hulinunua kwa trei nzima na kulipanda kwenye vyungu vya barazani na pembeni mwa njia, kwa sababu hustahimili kivuli na halichoki kuchanua mpaka baridi ije. Wajerumani huliita kwa jina lenye maana ya Lizi mdogo mwenye bidii, na Waingereza nao wana jina kama hilo hilo. Wengi wa jamaa zetu wanaokaa London, Portsmouth na kwingineko hulipita kila siku, na wengine wamelipanda wenyewe. Wachache wanajua kuwa ua hilo asili yake ni Afrika ya Mashariki, na kwamba kwa miongo mingi vitabu vya elimu ya mimea viliuita mmea huu kwa jina la Sultani wa Zanzibar.

Katika makala haya nataka kueleza jinsi jina hilo lilivyopatikana na lilivyopotea, na kisha kuliweka karibu na ua jingine, ambalo Wazungu wengi hawalijui, na ambalo jina lake la Kiswahili limebaki mpaka leo katika daftari la mimea la dunia. Kwa watu kama sisi, waliohama wakaacha nyumba na nyua zao, habari za majina si jambo dogo.

Kutoka Mbweni mpaka Kew

John Kirk, Mskochi, alikuwa tabibu na mtaalamu wa mimea kabla ya kuwa mwanadiplomasia. Alisafiri na Livingstone katika msafara wa mto Zambezi ulioanza mwaka 1858, na mwaka 1866 alifika Unguja kuwa daktari wa ubalozi wa Kiingereza. Akapanda cheo mpaka akawa balozi mkuu, na hakuondoka moja kwa moja mpaka mwaka 1886. Wanahistoria wetu wamemwandika sana kwa siasa zake, hasa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sayyid Barghash bin Said alilazimika kuutia saini, ukapiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la watumwa mjini. Kidogo sana kimeandikwa juu ya bustani yake ya Mbweni, kusini ya mji, alikojaribu mimea ya kila namna. Kutoka hapo alibadilishana mbegu, miche na majani makavu na bustani ya kifalme ya Kew, karibu na London.

Miongoni mwa aliyoipeleka Kew ulikuwamo mmea huu wenye shina laini lililojaa maji. Mkuu wa Kew wakati huo alikuwa Joseph Dalton Hooker. Mwaka 1882 Hooker aliuchapisha mmea huo pamoja na picha yake ya rangi katika Curtis's Botanical Magazine, jarida lililokuwa likitoka tangu mwaka 1787, akaupa jina la Impatiens sultani. Neno la kwanza ni la Kilatini na maana yake ni asiye na subira, kwa kuwa tumba la mbegu likiiva hupasuka ukiligusa tu na kuzirusha mbali. Neno la pili lilikuwa heshima kwa Sultani wa Zanzibar, yaani Sayyid Barghash.

Tuutazame mwaka wenyewe. Mwaka 1882 Barghash alikuwa katika kilele cha fahari yake. Alikwisha zuru London mwaka 1875. Alikwisha uletea mji maji ya bomba kutoka chemchemi. Kasri lake la Maruhubi lilikuwa ndiyo kwanza limejengwa, na Beit al-Ajaib ilikuwa inamalizika; ilifunguliwa mwaka 1883. Kumpa mfalme kama huyo jina la ua kulikuwa adabu ya kidiplomasia isiyogharimu kitu.

Lakini miaka miwili tu baadaye, mwaka 1884, Carl Peters aliingia bara kukusanya mikataba kwa niaba ya Wajerumani, na mwezi wa Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zikapatana kuwa ya Sultani ni visiwa na ukanda wa maili 10 wa pwani. Milima ya Usambara, ambako mmea huu humea wenyewe kando ya vijito, ikawa ya Wajerumani. Baada ya miaka michache wataalamu wa Berlin walipata mmea wa namna hiyo hiyo kutoka huko huko Usambara, wakaupa jina la mkusanyaji wao, Holst. Basi Sultani alipewa jina la ua, na ardhi ya ua akanyang'anywa, na heshima ile na dhuluma ile zilitoka katika mji mmoja, London.

Jina la Waller

Hata jina lenyewe halikudumu. Wataalamu wa mimea wana kanuni yao: mmea mmoja ukipewa majina mawili, lililochapishwa kwanza ndilo linalofuatwa. Baadaye walipoilinganisha mimea hii vizuri, waliona kuwa ule wa Sultani, ule wa Holst, na mwingine wa tatu uliochapishwa zamani zaidi, yote ni mmoja. Huo wa tatu ulipewa jina na Hooker yule yule mwaka 1868, miaka 14 kabla ya kulitoa jina la Sultani, naye hakutambua kuwa ni kitu kimoja. Aliuita Impatiens walleriana, na kwa kanuni hiyo ndilo jina lake sahihi leo. La Sultani limebaki kuwa kisawe katika orodha, ingawa Marekani watu wazima waliendelea kuliita ua hili sultana kwa mazoea, bila ya kujua sultana huyo ni wa wapi.

Na nani Waller? Horace Waller alikuwa katika kundi la kwanza la misheni ya Kianglikana iliyokwenda Afrika ya Kati mwaka 1861, misheni iliyokuja baadaye kuhamia Unguja na kujenga kanisa kuu mahali pale pale palipokuwa na soko la watumwa. Alikuwa rafiki wa Livingstone na wa Kirk, ndiye aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone zilizotoka mwaka 1874, na umri wake wote aliutumia kupiga vita utumwa wa Afrika ya Mashariki, kwa kalamu na kwa kuwashughulisha wakubwa wa London.

Kwa hivyo ua lililokuwa la Sultani wa Zanzibar leo ni la mtu aliyekuwa hasimu wa biashara iliyoitajirisha Zanzibar. Hapana aliyekusudia. Ni kanuni ya tarehe za uchapishaji tu, na msomaji asije akadhani kuna njama. Lakini nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza sikuweza kukipita hivi hivi, na chini nitaeleza kwa nini.

Bustani ni mahali pa harufu

Kwanza tujiulize: je, ua hili la Sultani lilikuwa na cheo gani kwetu sisi wenyewe? Jawabu ni kuwa halikuwa na cheo. Mama zetu na bibi zetu hawakulitunga, hawakuliweka kifuani wala kitandani. Sababu ni moja: halina harufu.

Neno bustani limetufikia kupitia Kiarabu, lakini asili yake ni Kiajemi, nalo ni maneno mawili: bu, yaani harufu nzuri, na stan, yaani mahali. Bustani ni mahali pa harufu, na pwani yetu imeishika maana hiyo vizuri kuliko wengi wanaolitumia neno hilo. Kizungu cha bustani ni cha macho: majani yaliyokatwa sawasawa, rangi zilizopangwa, mandhari ya kutazamwa kutoka dirishani au njiani. Chetu kilikuwa cha pua, na kilikuwa ndani. Nyumba ya mawe ya Unguja, Mombasa au Lamu ilielekeza ukuta wake mtupu njiani, na uhai wake ukaufungia uani. Kiswahili chenyewe kimeyakutanisha mambo hayo kwa bahati: ua wa nyua na ua la maua ni sauti moja.

Kilichopandwa uani kilichaguliwa kwa kazi yake. Mwasmini ulikuwa wa kwanza. Ulipandishwa juu ya kitala cha miti karibu na kisima au birika, mahali ambapo maji yaliyomwagika hayapotei bure. Asmini asili yake ni Bara Hindi na jirani zake, jina lake ni la Kiajemi lililopitia Kiarabu, na mazoea yake ni ya usiku: tumba huvimba mchana na kufunguka magharibi. Kwa hiyo huchumwa baada ya alasiri likiwa bado limefumba, likatungwa, likamfungukia mwenyewe akiwa amelivaa. Mwana Kupona binti Mshamu wa Siyu, katika utendi alioutunga mwaka 1858 kumuusia binti yake, aliihesabu kazi ya kutunga asmini na kuiweka kitandani miongoni mwa mambo ambayo mwanamke aliyelelewa vizuri huyafanya. Huo ni ushahidi wa maandishi, tena wa mwanamke mwenyewe, wala si wa msafiri aliyepita.

Baada ya asmini huja mrehani, ambao kila mtu aliweza kuwa nao hata katika kopo. Huja mkadi, ambao ua lake la dume hufichwa ndani ya sanduku la nguo na kuzitia harufu kwa miezi. Wahindi nao hukamua maji yake na kuyatia katika vyakula vya karamu. Huja mlangilangi, mti mrefu wenye maua yanayoning'inia kama vitambaa vya manjano, uliotoka visiwa vya mashariki ya mbali, na ambao jirani zetu wa Ngazija wamelifanya mafuta yake kuwa biashara ya dunia. Huja mhina, ambao majani yake yanajulikana na kila bibi harusi, lakini maua yake madogo nayo hunukia jioni. Kutokana na hayo hutengenezwa kikuba: majani ya mrehani, vipande vya mkadi, asmini na waridi, vikafungwa pamoja na kuvaliwa kifuani. Mombasa na Unguja vikuba bado vinauzwa.

Waridi lina habari yake pekee. Mwaridi unaoleta ua zuri katika joto na chumvi ya pwani si rahisi kuutunza, na wetu wengi waliridhika na mimea miwili mitatu ndani ya madebe. Lakini maji ya mawaridi tumeyajua tangu zamani sana. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, katika nyumba ya Sultani alimwagiwa maji ya mawaridi ya Dameski. Yaani katika karne ya 14 tayari marashi ya Sham yalikuwa yakifika pwani ya Afrika, na mgeni alipokelewa kama anavyopokelewa leo katika harusi zetu, kwa mrashi na chetezo.

Katika makasri mambo yalikuwa yale yale kwa kipimo kikubwa zaidi. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Beit al-Mtoni mwaka 1844, ametuachia maelezo ya nyumba hiyo katika kumbukumbu zake alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaukumbuka ua mkubwa uliojaa tausi, paa na ndege wengine, na michungwa mirefu iliyotia kivuli kwenye hamamu, ambayo watoto walikimbilia kujificha ndani yake. Aliporudi kuzuru mwaka 1885 aliikuta Mtoni imekwisha kuwa gofu. Maruhubi nako, kasri lilipoungua mwaka 1899, zilibaki nguzo, hamamu, na mabwawa yaliyokuwa ya mayungiyungi.

Mkilua

Katika mimea yote hiyo nimeuweka mmoja kando kwa makusudi. Asmini, waridi, rehani, kadi na hina ni majina yaliyokuja na majahazi, pamoja na mimea yenyewe au na elimu yake. Mkilua haukuja na jahazi. Ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na jina lake ni la Kibantu. Ua lake, kilua, si la kumvutia mtazamaji; kwa mbali hudhani ni jani lililokunjamana. Lakini harufu yake tamu haisahauliki na mtu aliyewahi kulivaa mara moja. Watu wa pwani waliutoa mkilua msituni wakauleta uani, wakaupa mahali sawa na mwasmini wa Hindi. Ni dalili kwamba bustani yetu haikuwa nakala ya bustani ya Maskati wala ya Shiraz. Ilikuwa na mkono wake.

Wataalamu walichelewa kuujua. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt wa Kew, aliyefanya kazi miaka mingi Afrika ya Mashariki, aliuchunguza akaona hauingii katika jenasi yoyote inayojulikana, ingawa ni wa jamaa ya mlangilangi, mtopetope na mstafeli. Ilibidi aufanyie jenasi mpya. Hakutafuta mfalme wala mmisionari wa kuupa jina. Alichukua jina la wenyewe: Mkilua. Jina lake kamili la kitaalamu ni Mkilua fragrans, yaani mkilua wenye kunukia, na katika jenasi hiyo hakuna mti mwingine ila huo.

Ndiyo haya majina mawili niliyoyataja mwanzo. La kwanza lilitolewa juu, na mkubwa kumpa mkubwa, likaanguka lilipoonekana la zamani zaidi. La pili lilitoka chini, kwa watu waliokata tawi, wakachimba shimo, wakamwagilia maji, wakatunga maua na kuyauza kwa kishada; nalo limebaki.

Nani aliyemwagilia?

Hapa sina budi kusema jambo ambalo katika vikao vyetu huwa tunalizunguka.

Tunapokumbuka bustani za Unguja tunakumbuka harufu, jioni, na mikono ya bibi zetu ikitunga. Kumbukumbu hizo ni za kweli. Lakini bustani kubwa za karne ya 19, kama ilivyokuwa mikarafuu iliyozilipia, zilipandwa na kumwagiliwa na watumwa. Maji ya birika hayakujileta. Katika maandiko ya wakati ule tunapata majina ya makasri, ya masultani, ya mabalozi, hata ya farasi. Jina la mtunza bustani halipatikani kwa urahisi. Soko lilifungwa mwaka 1873, lakini hali ya utumwa wenyewe haikuondolewa kisheria katika Unguja na Pemba mpaka amri ya Sayyid Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897, na masuria wakasubiri mpaka mwaka 1909. Yaani si zamani ya kale. Ni umri wa bibi wa bibi zetu.

Nyumbani kwetu mjini tulikuwa na ua mdogo: mwasmini juu ya kisima, mkilua pembeni mwa ukuta, mrehani, na mawaridi katika madebe mawili. Aliyeutunza alikuwa mzee mmoja ambaye sisi watoto tulimwita babu, kama desturi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchuma asmini kabla halijafunguka, na kulishika kwa kikonyo ili jasho la vidole lisiliharibu. Ndiye aliyenionesha kuwa mkilua haupendi kuhamishwa ukishakua. Nilikuwa mtu mzima, niko ugenini, nilipokuja kuambiwa kuwa mama yake alizaliwa mtumwa katika shamba la ukoo wetu. Leo mimi naweza kukuandikia jina la Kilatini la kila kilichoota katika ua ule na mwaka lilipochapishwa. Jina la baba yake mzee yule silijui, na la mama yake silijui. Sikuuliza, na waliolijua wamekwisha kufa.

Ndiyo maana kisa cha Waller hakikunipita hivi hivi. Si kwamba naona haki imetendeka kwa jina la Mwingereza kushika mahali pa jina la Barghash. Waller alikuwa Mzungu wa zama zake, na wale aliowatetea nao hawakupewa ua lenye jina lao. Lakini kisa kile kilinikumbusha kuwa kila bustani ina daftari lake la majina, na katika daftari letu kuna kurasa tulizoziacha tupu wenyewe.

Bustani za serikali na kitabu cha mwaka 1949

Katika zama za himaya ya Kiingereza bustani ilitoka uani ikaenda barabarani. Ile ya Vuga, ambayo hukumbukwa kuwa ilikuwa ya mapumziko ya watu wa nyumba ya Sayyid Barghash, ilifunguliwa kwa watu wote zama za Sayyid Hamoud na kupewa jina la Malkia Victoria, na miti yake mingi inasemekana ilitoka Mbweni kwa Kirk. Forodhani nako pakatengenezwa bustani ya bahari kwa jubilei ya fedha ya Sayyid Khalifa bin Harub, katikati ya miaka ya 1930. Miti mipya ya macho ikaenea: ule wa maua mekundu kama moto, ambao bara huitwa mkrismasi kwa kuwa huchanua Desemba, na ambao kwao hasa ni Bukini, na bogenvilia, ambayo Wafaransa waliikuta Brazil katika karne ya 18 na kuipa jina la nahodha wao.

Kumbukumbu bora ya zama hizo kwa mtafiti ni kitabu cha R. O. Williams juu ya mimea ya faida na ya mapambo ya Unguja na Pemba, kilichochapishwa Zanzibar mwaka 1949. Familia ambayo ina nakala yake iitunze kama hati ya nyumba. Ndani yake umo karibu ua mzima wa mji wetu kama ulivyokuwa miaka 15 kabla ya wengi wetu kutawanyika, pamoja na majina ya Kiswahili.

Niongeze neno moja kwa wale wanaodhani elimu ya lugha na elimu ya maua ni njia mbili. Ua dogo la zambarau ambalo dunia nzima hulipanda katika vikopo vya madirishani, lile linaloitwa urujuani wa Afrika, linajulikana kwa jina la baroni wa Kijerumani aliyelipata Usambara mwaka 1892. Lakini kabla yake Kirk alikwisha peleka Kew kipande chake mwaka 1884, na mwaka 1887 akapeleka kingine W. E. Taylor. Taylor huyo ndiye mmisionari wa Mombasa aliyekusanya mashairi ya Muyaka na methali za Waswahili. Mtu mmoja alikuwa akiokota maneno yetu na maua yetu kwa mkono mmoja.

Ya kwetu leo

Baada ya Januari 1964 nyua nyingi zilibaki na wengine au hazikubaki na mtu. Waliofika Oman, hasa kuanzia miaka ya 1970, walikuta nchi ambayo nayo ina bustani ya harufu ya kwake. Juu ya Jabal Akhdar, katika vijiji kama al-Ayn na al-Shurayja, mawaridi hupandwa katika ngazi za mawe zinazonyweshwa na falaji, huchumwa asubuhi mapema kuanzia mwisho wa Machi mpaka Mei, na hutiwa katika vyungu vya kukamulia maji yanayoingia kwenye halua na kahawa. Babu zetu waliyapeleka maji ya namna hiyo Unguja. Wajukuu wao wamerudi na kuyakuta chanzoni.

Asmini imetukubalia Maskati. Ukiwa na kivuli cha alasiri na maji ya kutosha hunawiri, na jioni katika mitaa tunayokaa utaijua nyumba ya mtu wa Unguja kabla hujabisha hodi. Mrehani haujatushinda. Mkilua umenishinda mimi. Nimejaribu mara tatu, na mara zote tatu upepo mkavu wa Juni umeuchoma ukiwa bado mche. Huenda kwa wengine umeshika, nao watatufahamisha.

Lakini jambo ninaloliomba kwa wasomaji wa jarida hili ni jepesi kuliko kuotesha mkilua. Kila aliye na mzee hai aliyekaa katika nyumba ya Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu, akae naye kitako na karatasi, achore ua wa nyumba ile: kisima kilikuwa wapi, mwasmini ulipandia wapi, nini kilipandwa kwenye madebe, nani alikuwa akichuma, kilitungwa nini na kikavaliwa siku gani. Kisha aulize swali ambalo mimi sikuuliza: aliyekuwa akimwagilia alikuwa nani, mwana wa nani, na watu wake wako wapi sasa. Jawabu likija, hata likiwa zito, liandikwe kama lilivyo.